Vijiko Sita

Njoo na jaketi, Ndahani. Mtera saa kumi na moja alfajiri
ina upepo unaoshuka toka Kisigo bila kubisha hodi.
Simu izime. Maji hupeleka sauti mbali,
na tukimsikia kiboko tunahama, hakuna mjadala.

Leo hatutafuti perege.
Perege ni wa wenye nyavu na wenye haraka.
Tunamtafuta mwenye meno,
yule akataye nailoni kama fundi cherehani akatavyo uzi,
kwa mdomo, macho yakiwa kwingine.
Ndiyo maana mwisho wa mshipi nimefunga waya,
shubiri mbili, wa breki ya baiskeli, nilioufumua uzi kwa uzi.
Ukiona waya ni mbwembwe, kiulize kidole changu hiki.

Tazama visiki.
Pale mnandi anapoanika mbawa palikuwa na mkwaju,
na kutoka mkwaju ule hadi kwenye lile povu
lilikuwa shamba la uwele la mama mkwe.
Bwawa lilipojaa, alivuna alichoweza kubeba.
Mwenye meno hakai katikati ya maji.
Hukaa pale kina kinapokatika ghafla,
nyuma ya kisiki, kichwa kikielekea upepo,
kama mdai aliyejibanza pembeni ya duka siku ya mshahara.
Usimtupie yeye. Tupa mbele, umpitilize,
kisha kijiko kirudi kikimpita puani:
vuta, acha, vuta, vuta, acha,
kiyumbe kama kidagaa mwenye homa.

Kijiko, ndiyo. Usicheke.
Mama mkwe alinipa sita siku ya harusi,
kwenye boksi lenye kitambaa chekundu ndani.
Cha kwanza nilikikata mpini kwa msumeno wa jirani,
nikatoboa, nikatia ndoana,
nikarudisha boksi kabatini, nikafunga kifuniko vizuri.
Chambo cha dukani huko kwenu mjini ni bei ya mbuzi
na hakimeremeti hivi.

Mitupo mia ya kwanza ni salamu.
Mia ya pili bega litakutukana, liache litukane.
Siku nyingine unarudi na jua tu.

Ila sikiliza hili, hata ukisahau mengine yote:
kijiko kikikaribia mtumbwi, usikiinue!
Yeye hufuata kimya hadi ubavuni,
anakutazama kwa jicho lisilo na kope.
Zamisha ncha ya ufito majini, chora nane.
Nane pana, kama mtoto wa chekechea,
halafu nyingine juu yake.
Mmoja nilimnasa kwenye nane ya nne.
Watatu walinikimbia kwenye ya kwanza
kwa kuwa nilisema "Yesu wangu" kwa sauti.

Akiuma, kaza papo hapo, kwa kiuno, si kwa mikono;
mdomo wake ni mfupa mtupu.
Akiruka, inamisha ufito. Mpe heshima zake.
Mkubwa nilimpa mwaka juzi, hazikumtosha.
Aliondoka na kijiko cha nne, na waya, na ukucha.

Vimebaki viwili.
Mama mkwe akija Pasaka huhesabu kwa macho,
hasemi, anakoroga chai kwa mpini wa uma.
Safari hii, basi la Mpwapwa likipiga honi barabarani,
aliniita jikoni, akanitilia mkononi kitu kilichofungwa kwenye khanga.
Kijiko cha kupakulia mchuzi, kile chake, kizito,
ambacho hata wanawe hawakuruhusiwa kukigusa.
"Cha yule," alisema,
"anayekaa shambani kwangu."

Kiko hapa. Msumeno bado sijaugusa.
Piga kasia, taratibu,
tuanzie kwenye mkwaju.